Kilo arobaini na mbili za mpingo

Jumapili, Dar es Salaam

Wiki tatu zilizopita mteja mmoja aliyeko Ujerumani aliniandikia mstari mmoja tu: huu mpingo wa hereni zako umekatwa wapi? Nikabaki na simu mkononi kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake akakosa jibu.

Kadi tunayoitundikia kila jozi imeandikwa "mpingo uliovunwa kwa utaratibu". Maneno hayo niliyaandika mwenyewe. Utaratibu niliokuwa naujua ni kwamba kijana wa mkokoteni anakuja uani kwetu Sinza na gunia la mabaki aliyoyaokota kwa wachongaji wa Mwenge, namhesabia 15,000, anaondoka. Mabaki hayo yametoka gogo gani, gogo limetoka msitu gani, na huko msituni nani alilipwa nini, sikuwahi kuuliza. Nilijiona nafanya jambo jema kwa sababu nilikuwa siuzi plastiki.

Karakana yetu ni banda la bati nyuma ya nyumba ya shangazi. Tuko wanawake wanne na fundi mmoja wa kukereza, Mmakonde ambaye bibi yake mzaa mama alivaa ndonya, pambo la mpingo, kwenye mdomo wa juu mpaka siku anazikwa. Huyo fundi ndiye aliyenicheka zaidi. "Dada, mwaga gunia kwenye ndoo ya maji kwanza," akaniambia. Nikamwaga. Mpingo unazama kama jiwe, kiini chake ni kizito kuliko maji. Vipande vilivyoelea vilijaa bakuli zima: mti mwingine mweupe uliopakwa kiwi ya viatu. Nikasugua kimoja kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka cheusi.

Basi kesho naenda Kilwa. Nimechagua Kilwa kwa sababu huko ndiko mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, na tangu hapo watu wa huko wamezoea kuulizwa maswali kama yangu. Ndugu wa rafiki yangu ana shemeji kijiji kingine cha huko huko bara ya Kilwa chenye msitu wake. Kijiji chenyewe sitakitaja. Mtaelewa sababu mkifika Alhamisi.

Begi lina msumeno wa mkono, misasa, tupa mbili, nta ya nyuki nusu kilo, na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki niliyoinunua Feri. Shangazi kaniuliza naenda kuuza samaki?

Jumatatu, njiani

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbagala Rangi Tatu liliondoka saa moja na nusu. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa. Kila nikivuka lile daraja huwa nawakumbuka waliokuwa wakilala kando ya mto kungoja kivuko kabla halijafunguliwa mwaka 2003. Abiria wa jirani, mama mwenye tenga la kuku, aliniambia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na maji kukata barabara maeneo ya Somanga, watu wa kusini waliyarudia maisha yale yale kwa siku kadhaa, wamekaa huku na huku wakitazamana.

Somanga tulikula samaki. Nangurukuru nilishuka saa nane mchana nikiwa nimekaa upande wa jua njia nzima. Nililala hapo hapo. Hakuna la kusimulia, ila kwamba mlango wa chumba ulifungwa kwa komeo la mti mweusi, na mwenye nyumba aliponiona nalipapasa akasema, "Hilo lilikuwepo kabla sijazaliwa mimi." Ni mpingo. Limepinda kidogo kama kidole cha mzee na halina hata tundu moja la mdudu.

Jumanne

Bodaboda kwa barabara ya Liwale. Vumbi jekundu, kisha jeupe, kisha jekundu tena. Njinjo tulisimama kunywa chai na vitumbua. Baada ya hapo tukaacha barabara kubwa, na kuanzia hapo dereva wangu hakusema neno, alikuwa anatafuta njia kwa macho.

Nilifika nikiwa na rangi moja kuanzia kichwani hadi miguuni. Mwenyeji wangu, bibi mmoja wa Kingindo, alinipokea shikamoo yangu, akanipa maji ya kuoga kabla ya kuniuliza habari za safari, na ndipo nikajua nimeangukia pazuri. Jioni nilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kamati ya maliasili. Nikajieleza. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanunuzi wa mpingo wanakuja na lori. Wewe umekuja na begi." Wakacheka wote, nami nikacheka. Kesho nitapelekwa msituni.

Jumatano, msituni

Tulitoka alfajiri, watu watano: mzee mmoja wa doria, vijana wawili wa kamati, binti wa bibi mwenyeji aliyetaka tu kuja, na mimi. Saa mbili na nusu kwa miguu. Niliambiwa nisivae bluu wala nyeusi kwa ajili ya mbung'o. Nguo zangu zote ni bluu au nyeusi. Binti akanitupia kanga yake ya njano, lakini mbung'o wa Kilwa walishaniona. Wanauma juu ya kitambaa kama hakipo.

Nilikuwa nimejenga picha kichwani ya mti mrefu wa fahari. Mpingo si hivyo. Nilipita mitatu bila kuitambua mpaka mzee akanishika bega akanirudisha. Ni mti mfupi, uliojikunjakunja, wenye shina la mifereji na matawi yenye miiba, mara nyingi mashina mawili matatu kwenye mzizi mmoja, ganda la kijivu lisilo na mvuto wowote. Huu mwezi wa kiangazi ulikuwa umepukutisha majani karibu yote. Mti wa taifa letu, na ukiwa umesimama peke yake unaweza kutundika kikapu chako juu yake ukaenda zako bila kuutazama mara ya pili. Kwa ukoo ni jamaa ya kunde na maharage. Maganda yake membamba yenye mbegu moja au mbili yalikuwa bado yananing'inia.

Mzee alinionyesha kisiki cha msimu uliopita. Juu yake, alama ya nyundo ya kijiji imezama kwenye mti. Alama hiyo hiyo inagongwa kwenye gogo lililoondoka, ili ukikutana na gogo njiani uweze kulirudisha kwenye kisiki chake kama mtoto na mama. Pembeni mwa kisiki machipukizi matatu yalikuwa yameshafika kiunoni mwangu.

"Haya yatavunwa lini?" nikauliza.

"Wewe hutakuwepo," mzee akasema bila huzuni yoyote. "Na mtoto wako atakuwa bibi."

Inachukua miaka sabini, mingine mia, mpaka shina liwe na kiini cha kutosha. Ndiyo maana kila msimu wanachagua kitalu, wanahesabu, wanaacha mingi kuliko wanayokata, na mti ulio chini ya kipimo hauguswi hata kama mnunuzi ana haraka. Hatukuwa mbali na sehemu iliyoungua. Nikadhani ni uharibifu. Wale vijana wakaniambia ni wao wenyewe, wanachoma mapema nyasi zikiwa bado na umande ndani yake, moto unatambaa chini chini na kufa wenyewe. Wasipofanya hivyo, moto wa Septemba unakuja na urefu wa mtu na hauachi mche hata mmoja. Mti mkubwa unastahimili, mche haustahimili.

Sasa mabaki. Hapa ndipo nilipokaa chini.

Wanunuzi wakubwa wanachotaka ni kipande kilichonyooka kisicho na ufa, fundo, wala weupe, kwa sababu kitageuzwa kuwa klarineti, ile zumari ya Kizungu, na klarineti haitaki mchezo. Mpingo haukuumbwa kwa ajili yao: umepinda, una mashimo katikati, una nyufa. Kwa hiyo kila mti unaoangushwa huacha nyuma yake rundo. Matawi manene kama mkono wangu. Vipande vya urefu wa futi moja vilivyokatwa kwa sababu ya fundo. Nilikata kimoja kwa msumeno wangu, nikatoa jasho kama niliyelima, na ndani mkanda wa weupe wa manjano kama unene wa kidole, kisha kiini. Kiini kibichi hakiwi cheusi tii. Kina zambarau ndani yake, kama bilinganya iliyopasuliwa usiku, na ukikisugua kwa kidole kinang'aa papo hapo bila msasa. Unga wake ulinipanda puani nikapiga chafya mara sita. Fundi wangu hukereza akiwa amefunga kitambaa puani kwa sababu hiyo. Unga wa mpingo unawasha ngozi na kifua.

Rundo moja tu lile lingetosha hereni zetu za mwaka mzima. Limelala pale tangu mwaka jana, sehemu limekwenda kuni, ingawa mama wa hapa wanalalamika kwamba linavunja mashoka.

Wakati wa kurudi binti aliokota mbegu nyekundu zenye jicho jeusi kwenye mtambaa uliokauka, akanipa kiganja kizima: "Hizi si nzuri zaidi kwa shanga?" Mtipitipi. Kila mwaka yupo mteja anayeniuliza kama naweza kumtengenezea mkufu wa mbegu hizo. Ni nzuri, kweli kabisa, hakuna rangi kama ile dukani. Lakini ndani yake mna sumu kali, na ganda likishatobolewa kwa keekee, ulinzi wote umekwisha. Anayetoboa anavuta vumbi lake, na mtoto wa mvaaji anaweza kuitafuna. Nikamwambia aitupe na anawe mikono. Alinitazama kama ninaringa.

Alhamisi, chini ya mwembe

Kikao cha kamati kilianza baada ya sala ya alasiri, na kikaisha taa zikiwashwa. Nilidhani ningekuja, ningetaja bei, tungekubaliana. Shida ilikuwa kwamba kijiji hakikuwa na bei ya mabaki. Gogo linauzwa kwa mita za ujazo, linapimwa kwa futi kamba mbele ya watu, mnunuzi analipa kwanza halafu shoka linaingia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyowapa vijiji nafasi ya kuwa na msitu wao na kula mapato yake, na wenyeji wangu wanaijua kuliko mimi. Lakini kijiti kilichopinda kina mita za ujazo ngapi? Nikatoa mizani yangu ya samaki. Ikaning'inizwa kwenye tawi la mwembe, ikapitishwa mkono kwa mkono, mtu mmoja akapima kiatu chake.

Nikataja 1,000 kwa kilo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: gunia la Mwenge lina kama kilo ishirini na tano, ni 600 kwa kilo, kwa hiyo nilijiona mkarimu.

Katibu wa kamati, kijana mwenye kalamu sikioni, akauliza taratibu: "Kilo moja, dada, unatoa hereni jozi ngapi?"

Nikasema kweli. Jozi ishirini, kama bahati ipo. Kilichobaki ni weupe, nyufa na unga.

"Na jozi moja mnauza bei gani huko mjini?"

"Kumi na mbili elfu."

Hakuna aliyeguna. Katibu aliandika kwenye daftari, akazidisha, akaligeuza daftari lile wote waone: 240,000. Kimya kile sitakisahau. Kilikuwa na heshima ndani yake, ndiyo maana kiliniuma.

Nikaomba daftari. Nikaandika chini ya namba yake, nikisema kwa sauti. Duka linalotuuzia linachukua asilimia arobaini: 96,000. Anayekata, anayetoboa na anayesugua analipwa 3,500 kwa jozi, maana jozi moja ni zaidi ya saa nzima ya mikono: 70,000. Ndoano za masikioni, 800 kila jozi: 16,000. Zinabaki 58,000, na humo toa umeme, misumeno, pango la shangazi ambaye hata hivyo ananidai miezi miwili, na jozi zinazopasuka mkononi kabla hazijafika dukani.

Bibi mwenyeji wangu, ambaye kumbe naye ni mjumbe, alikuwa akifuata hesabu kwa kidole. Akarudi kwenye mstari wa kwanza. "Huyu wa 96,000 anafanya kazi gani?"

"Anazitundika, bibi."

"Anazitundika tu?"

"Anazitundika, na ana kioo."

Walicheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Mimi nilicheka pia lakini nilikuwa nimeona nisichokiona siku zote: kwenye hesabu yote ile mti wenyewe ni senti. Ningelipa 5,000 kwa kilo na bado ningepumua. Nawadai wanunuzi wangu wa nje nusu ya malipo kabla ya kuanza kazi, kwa sababu kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, zinasema fundi akiomba apewe walau nusu. Nilishawahi kungoja miezi mitatu pesa za mnunuzi mmoja aliyekuwa na neno "haki" kwenye jina la kampuni yake, na nikamsema kwa kila aliyenisikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiuliza nusu ya mwenye msitu iko wapi.

Kwa hiyo nikasema wazi kwamba naweza kupanda. Nikataja 3,000.

Na aliyekataa ni yule mzee wa doria. Alikuwa hajasema kitu tangu mwanzo. Akasimama, akasema bei hiyo ni mbaya. Si ndogo, ni kubwa mno. "Leo anachukua yaliyolala. Kesho kutwa kijana asiye na shamba atasikia kwamba kijiti cha mpingo ni 3,000 kwa kilo. Ataacha kungoja mti uangushwe. Atakata tawi bichi, kisha jingine, atasema ni mabaki. Nani atambishia? Kijiti hakina nyundo. Bandu bandu huisha gogo."

Sikuwa na la kujibu, na sidhani kwamba katika vikao vyote vya mafundi nilivyohudhuria mjini nimewahi kusikia mtu akisema bei nzuri inaweza kuua msitu. Sisi tunajua bei ndogo tu ndiyo inayoua.

Wakabishana wao kwa wao, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kingindo, mimi nikitazama mizani ikizunguka pale mtini. Mwisho wake ni 1,800. Mabaki yatatoka kwenye visiki vyenye nyundo peke yake. Yatapimwa na kamati si na mtu mmoja mmoja, pesa inaingia mfuko wa kijiji, na mbebaji analipwa ujira wa kubeba. Atakayekutwa na tawi bichi, hesabu yake ni ya mvunaji haramu. Kuna waliotoka hawajaridhika. Mmoja aliniambia pembeni kwamba ningekaza kwenye 3,000 wangekubali. Wataliongea tena kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ndiyo maana jina la kijiji nimelimeza.

Usiku sikulala vizuri. Mbung'o na hesabu.

Ijumaa

Kupima. Kilo arobaini na mbili, 75,600. Nililipa zote, nikapewa stakabadhi yenye muhuri, ya kwanza maishani mwangu kwa ajili ya mpingo.

Asubuhi kabla ya sala nilikaa na vijana saba barazani nikawaonyesha ninavyofanya. Kata bamba jembamba, chora duara kwa kizibo cha soda, punguza kwa tupa, toboa, sugua kwa msasa wa makali mpaka laini, kisha nta. Mmoja wao alikuwa na keekee ya upinde iliyotengenezwa kwa spoku ya baiskeli, akatoboa tundu safi kuliko langu. Aliniuliza kwa nini hereni zisitengenezwe hapa hapa, kisha zije Dar zikiwa tayari. Nikajibu habari za umeme na soko. Yalikuwa majibu ya kweli, ila yalitoka haraka mno, na yeye alilijua hilo. Nilimwachia tupa moja na misasa yote. Akileta jozi kumi zilizonyooka, nitazinunua kwa bei ninayowalipa wenzangu pamoja na mti wake. Tumepeana namba.

Bibi alinifundisha jambo ambalo lingeniokolea pesa nyingi miaka iliyopita. Nilikuwa naanika vipande juani vikauke upesi, robo yake vinapasuka. Akachukua nta yangu, akaiyeyusha kwenye kikaango kibovu, akachovya ncha za vipande kimoja kimoja. "Maji hutokea kichwani," akasema. "Ukimfunika kichwa anatoka polepole kwa mbavuni." Marehemu mumewe alikuwa akichonga michi na mipini.

Jumamosi, Kilwa Masoko

Siku ya karatasi. Barua ya mtendaji, stakabadhi ya kijiji, kisha hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile tunayoiita TP, imeandikwa kilo na mahali zilikotoka. Niliuliza kama naweza kuweka alama ya FSC kwenye kadi zangu, endapo siku moja nitanunua kutoka kijiji chenye cheti. Hapana: msitu kuwa na cheti hakunipi mimi alama, kila mkono unaopokea na kubadilisha mti sharti nao uwe na cheti chake cha mnyororo, mpaka wa mwisho. Karakana ya wanawake wanne haina ubavu huo. Nitaandika jina la wilaya tu, na namba ya hati.

Kuhusu kutuma nje kuna nafuu kidogo. Tangu mwanzoni mwa 2017 mpingo na karibu nduguze wote wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini kuanzia 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo kumi za mti kwa mzigo mmoja hazidaiwi kibali cha mkataba huo. Kilo kumi za hereni ni hereni nyingi sana.

Alasiri nilishuka ufukweni. Ng'ambo pale ni Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na watu wengi huenda kutazama msikiti. Mimi huwaza zaidi vile vigae vya vyungu vyenye mifereji vilivyofukuliwa huko: watu walikuwa wakisagia shanga za kombe juu yake, mmoja mmoja, kwa mkono. Nilitembea na mfuko kwenye vichaka vya nyuma ya mchanga nikitafuta komwe. Nilipata ishirini na tatu na mikwaruzo isiyohesabika. Komwe ni kijivu laini kama yai la ndege. Ukitoboa kwa subira haipasuki, na wazee wote wanaoiona sikioni mwa mtu huuliza ni nani aliyewaibia kete za bao.

Jumapili, kurudi

Kizuizini askari wa maliasili aliingia kwenye basi, akauliza gunia jeusi ni la nani. Nikatoa hati. Alisoma yote, akafungua gunia, akachukua kipande kimoja akakitazama ncha yake iliyopakwa nta. "Hiki ni cha nini?"

"Hereni."

"Zote hizi?"

"Zote."

Akakirudisha taratibu, akafunga kamba ya gunia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Siku ya arobaini

Kadi mpya zimetoka kuchapishwa. Zinasema: mpingo wa msitu wa kijiji, Kilwa, mabaki ya mavuno. Mjerumani wangu kajibiwa, kaagiza jozi sitini, katuma nusu ya pesa. Mwenye duka nimemwomba ashuke hadi asilimia thelathini; amesema atafikiria, na kioo chake bado kipo. Kijana wa keekee ya spoku alituma picha ya jozi nne. Mbili zimenyooka.

Leo asubuhi nimepima gunia tena kwa mizani ile ile. Kilo thelathini na nane na nusu. Vipande viwili tu vimepasuka, bibi alisema kweli, lakini kilo tatu na nusu zimetoka zenyewe kupitia mbavuni. Nikampigia katibu, nikamwambia kwa utani nusu na nusu kweli kwamba nimelipia 6,300 za maji.

Akanyamaza kidogo, nilimsikia akifungua daftari.

"Dada," akasema, "maji hayo nayo yalikuwa ya msitu wetu. Lakini nitalipeleka kwenye kikao."